Usukani wa gari la familia ukianza kulalamika, anza na haya

Msomaji mmoja wa ukurasa huu, mama wa watoto watatu, ameleta swali ambalo naamini liko katika nyumba nyingi. Familia yake ina Toyota RAV4 ya mwaka 2004, gari ambalo ndilo linalopeleka watoto shule, sokoni na kijijini mwisho wa mwaka. Kwa mwezi mzima sasa usukani umekuwa mzito asubuhi, na akikata kona ya kuingia nyumbani anasikia kitu kinagonga chini. Mume wake anasema gari limezeeka tu. Fundi wa kwanza amesema reki nzima ya usukani ibadilishwe. Fundi wa pili amesema ni bushi. Wakitoa hela ya reki, ada ya muhula ujao itayumba. Anauliza amwamini nani.

Jibu langu, mzazi mwenzangu, ni kwamba asimwamini yeyote kwanza. Si kwa sababu mafundi ni waongo. Ni kwa sababu usukani ni mfumo wa vitu vingi vilivyoshikana, kuanzia tairi mpaka mkononi mwa dereva, na tatizo moja linaweza kujifanya jingine. Anayeanza na kifaa cha bei kubwa mara nyingi anakuwa anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako. Tukianza na vitu rahisi na kupanda taratibu, tutaokoa pesa. Zaidi ya hapo, tutajua mapema kama kuna hatari inayotaka gari lisimamishwe leo.

Nazungumzia SUV ndogo za zamani: RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail, Suzuki Escudo na ndugu zao. Nyingi zilikuja zikiwa zimetumika Japani, na sasa zina miaka 15 hadi 20 au zaidi. Ni magari mazuri kwa familia. Lakini ziko juu, zina uzito, na kila siku zinakutana na matuta, mashimo na barabara za vumbi. Mpira uliotengenezwa mwaka 2004 hauwezi kubaki mpira milele.

ANDIKA KABLA HUJAENDA GEREJI

Kabla ya kumwita fundi, chukua simu yako na uandike majibu ya maswali manne.

Tatizo linatokea lini? Asubuhi gari likiwa baridi, au baada ya kutembea muda mrefu? Likiwa limesimama, au likiwa kwenye mwendo?

Linatokea katika spidi gani? Mtetemo wa spidi 90 na mtetemo wa spidi 20 ni wagonjwa wawili tofauti.

Linatokea upande gani? Ukikata kulia, ukikata kushoto, au pande zote?

Kabla halijaanza, nini kilifanyika? Mlibadilisha tairi? Mliingia kwenye shimo? Betri ilikufa? Kuna fundi alifungua kitu chini ya gari?

Majibu haya hayagharimu kitu, na fundi mzuri atafurahi kuyapata. Fundi anayepokea maneno "usukani una shida" peke yake ana mambo ishirini ya kubahatisha. Ukimwambia "unatetemeka kuanzia spidi 80, ulianza baada ya kuziba pancha", amebaki na mawili au matatu.

Hapa pia kuna jambo la ndani ya nyumba. Katika familia nyingi anayeendesha gari kila siku si yule anayelipa fundi. Anayeendesha ndiye anayesikia. Anayelipa anasikia habari tu, tena jioni akiwa amechoka. Mwenzako akikwambia usukani umebadilika, usimjibu kwamba gari limezeeka. Panda naye gari siku moja, kaa kiti cha pembeni, mpite njia ileile. Dakika kumi za kusikiliza pamoja zinamaliza mabishano ya mwezi.

ANZENI NA TAIRI

Tairi ndicho kitu pekee cha gari kinachogusa barabara, na ndicho tunachokisahau zaidi. Upepo ukiwa mdogo kwenye tairi za mbele, usukani unakuwa mzito. Ukiwa mdogo upande mmoja, gari linavuta kuelekea upande huo.

Fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo ya mlango. Kuna karatasi iliyobandikwa inayoonyesha upepo unaotakiwa. Kwa magari yaliyotoka Japani, maandishi ni ya Kijapani na kipimo ni kPa, lakini namba hazina lugha. Ukiona 220 kPa, kwenye mashine ya upepo ni karibu 32 psi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi ikipata moto upepo unasomeka juu kuliko hali halisi.

Kisha tazama mlio wa tairi, yaani namna ilivyoisha. Ikiwa imeliwa upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, alaimenti imepotea au kuna bushi imekufa. Ikiwa imeliwa kwa mabaka, hapa imeisha na pale haijaisha, shokapu au balansi inahusika. Pitisha kiganja taratibu juu ya tairi, ukiangalia kusiwe na waya zilizochomoza. Mkono utagundua kile ambacho jicho halikioni.

Hakikisha pia tairi zote nne ni za saizi moja na zimeisha kwa kiasi kinachokaribiana, hasa kama gari lako ni la 4WD. Tairi zisizolingana zinafanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti, na gari linakuwa kama limeshikwa ukikata kona kali. Kwa zile SUV ambazo dereva mwenyewe anaingiza 4WD kwa kigingi au kitufe, kama Escudo nyingi za zamani, hakikisha hamkuiacha imeingia baada ya kutoka kwenye matope. Ukiendesha hivyo kwenye lami, usukani unakuwa mgumu na tairi zinaruka kwenye kona. Dawa yake ni kuitoa, na haina bei.

USUKANI MZITO

Kwanza ujue gari lako linatumia nini kukusaidia kuzungusha usukani. Kuna magari yanayotumia oili na pampu, na kuna yanayotumia mota ya umeme. RAV4 za kizazi cha pili, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, zinatumia oili. Zile za kizazi cha tatu, zilizoanza mwishoni mwa 2005, zinatumia umeme. Hili ni muhimu kwenye mfuko wako: fundi akikwambia atabadilisha oili ya usukani kwenye gari la usukani wa umeme, mwombe akuonyeshe kopo lake liko wapi. Halipo.

Kama gari lako ni la oili, fungua boneti utafute kopo dogo lenye alama ya usukani kwenye kifuniko. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imeshuka, usijaze tu ukaondoka. Gari halili oili ya usukani kama linavyokula petroli. Imeshuka kwa sababu inavuja mahali fulani: kwenye bomba, kwenye pampu, au ndani ya ile mipira yenye mikunjo iliyo mwisho wa reki. Mwombe fundi abane mipira hiyo. Ikiwa imejaa oili, reki inavuja kweli, na hapo mazungumzo ya kuitengeneza au kuibadilisha yana msingi.

Rangi nayo inasema. Oili nzuri ya aina inayotumika kwenye Toyota nyingi za umri huu ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Kuibadilisha ni kazi ndogo ukilinganisha na reki, na mara nyingine ndiyo inayoondoa uzito wa asubuhi. Angalia kifuniko au kitabu cha gari kujua aina yake. Honda wana oili yao maalumu ya usukani, na ukiweka ya magari mengine unaharibu sili. Oili ya breki isiingie humo hata kwa dharura, itaharibu mipira yote ya ndani.

Tazama na mkanda unaozungusha pampu. Ukilegea au ukipasuka-pasuka, utasikia mlio mkali asubuhi unapokata kona, na usukani unakuwa mzito kwa sekunde chache kisha unalegea. Mlio wa kuguna unaoongezeka ukizungusha usukani mpaka mwisho ni wa pampu, mara nyingi kwa sababu oili ni kidogo au imeingia hewa. Na hapa kuna tabia ya madereva wengi: kuzungusha usukani mpaka mwisho na kuushikilia hapo huku wanatafuta nafasi ya kuegesha. Ukifika mwisho, rudisha kidogo. Kushikilia hapo kunaichosha pampu na mabomba.

Kama gari ni la umeme, tazama dashibodi. Taa yenye picha ya usukani, au herufi P/S au EPS, ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, kompyuta imeona tatizo. Kabla ya mota kulaumiwa, pimeni betri na altaneta, kwa sababu umeme mdogo unatosha kuzima msaada wa usukani. Kisha gari lisomwe kwa mashine, mpewe namba ya tatizo na mwiandike. Jua pia kwamba ukizungusha usukani mara nyingi gari likiwa limesimama, mota inapata moto na msaada unapungua mpaka ipoe. Hiyo ni kinga ya gari lenyewe.

USUKANI UNAOTETEMEKA

Ukitetemeka kuanzia spidi 80 hivi na kuzidi kadiri unavyokwenda, anza na balansi ya tairi za mbele. Kipande kidogo cha risasi kikidondoka kwenye rimu kinatosha kuleta shida. Rimu iliyopinda kwa shimo italeta hali hiyohiyo, na mashine ya balansi itaionyesha ikizunguka.

Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, usikubali kuuziwa kitu cha usukani. Tazameni diski za breki za mbele.

Ukisikia tak-tak-tak ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, hiyo mara nyingi ni sivi jointi ya nje. Huwa inaanza na mpira wake kuchanika, grisi inatoka na vumbi linaingia. Mpira uliochanika ukionekana mapema, unabadilishwa huo peke yake. Ukiachwa, unanunua na jointi.

GARI LINAVUTA UPANDE

Barabara zetu zimeinamishwa kidogo kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo gari kuteleza kidogo kuelekea kushoto ukiachia usukani kwa sekunde moja si ugonjwa. Ugonjwa ni pale linapokulazimisha kulishikilia muda wote.

Baada ya upepo wa tairi, kaguzi inayofuata ni breki. Baada ya safari ya kawaida, pitisha kiganja karibu na rimu za mbele, bila kuzigusa. Upande mmoja ukiwa wa moto sana kuliko mwingine, breki ya upande huo imeng'ang'ania. Hapo alaimenti haitasaidia kitu.

Alaimenti ifanyike mwisho, baada ya bushi na jointi kukaguliwa. Kufanya alaimenti kwenye gari lenye bushi zilizokufa ni kupiga pasi nguo ambayo bado imelowa matope: siku mbili tu gari limerudi lilipokuwa. Na kila mara tairodi ikibadilishwa, alaimenti ifuate. Muulize fundi kabla ya kukubaliana bei kama gharama hiyo imo.

SAUTI YA KUGONGA

Hapa ndipo swali la mama yetu lilipo, na hapa ndipo pesa nyingi za familia zinapopotea. Sauti nyingi za kugonga wala hazitoki kwenye reki.

Sauti ya kok-kok nyepesi kwenye barabara ya mashimo madogo, gari likienda taratibu, mara nyingi ni stabilaiza linki. Ni kifaa cha bei ndogo na kazi yake ni fupi.

Sauti nzito ya mara moja unapokanyaga breki au unapopanda tuta, tazameni bushi za lowa amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini.

Sauti ya springi kuruka, kwang, unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, tazameni kiti cha juu cha shokapu na beringi yake.

Sauti ya kugonga unayoihisi hadi kwenye viganja, kama inatoka karibu na miguu ya dereva, inaweza kuwa ya shafti fupi inayounganisha usukani na reki. RAV4 za kizazi cha tatu zinajulikana kwa tatizo hili.

Kwa hiyo kwa RAV4 ya 2004 yenye uzito wa asubuhi na kugonga kwenye kona, ningefuata mstari huu: upepo wa tairi, kiasi na rangi ya oili, mkanda, mipira ya mwisho wa reki. Kisha gari linyanyuliwe, zikaguliwe linki, bushi, tairodi na boljointi. Reki iliyochakaa ndani inaweza kweli kuleta uzito wa asubuhi unaoisha gari likipata moto, hivyo fundi wa kwanza huenda ana hoja. Lakini athibitishe, na vitu vya bei ndogo viwe vimeshapita kwanza.

USUKANI ULIOLEGEA

Sasa naomba usome polepole. Uzito wa usukani unakuchosha, mtetemo unakuudhi. Lakini usukani uliolegea unaweza kukunyang'anya gari ukiwa barabarani na watoto wako nyuma.

Pima hivi. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, watoto wakae mbali na gari. Usukani uwe umenyooka, injini inawaka. Sogeza usukani taratibu sana kushoto na kulia kwa vidole viwili, huku mtu mzima mwingine amesimama pembeni akitazama tairi ya mbele. Usukani ukisogea zaidi ya sentimita 3 hivi kwenye ukingo wake kabla tairi haijaanza kusogea, kuna kitu kimeisha.

Mara nyingi ni tairodi endi, kile kichwa kinachounganisha reki na gurudumu, au boljointi inayobeba gurudumu kwa chini. Fundi atalinyanyua gari, aliweke juu ya stendi, ashike tairi kushoto na kulia na kulitikisa. Likicheza hivyo, tairodi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Akilishika juu na chini na likacheza, tazameni boljointi na beringi ya gurudumu. Omba kusimama pale uone. Jeki peke yake haitoshi, mtu asiingie chini ya gari lisilo na stendi.

Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala upande na gari linaanguka kwenye kona hiyo. Tairodi ikichomoka, tairi moja haifuati tena usukani. Hakuna dereva hodari mbele ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo boljointi isichomelewe, isijazwe kipande cha mpira wa tairi, wala isigongwe ili ibane. Ununue mpya. Kama kuna kitu kimoja cha kukopea pesa kwenye gari la familia, ni hiki. Na kazi ikimalizika, kwenye nati ya tairodi yenye meno juu kuna pini ndogo inayopita katikati ili nati isifunguke. Sema tu, "Fundi, naomba nione pini." Pini hiyo ina bei ya pipi, na maisha ya watu watano yanaitegemea.

KILICHOMO KATIKATI YA USUKANI

Honi ikiacha kufanya kazi na taa ya mfuko wa hewa ikawaka kwa pamoja, mara nyingi waya wa mviringo ulio nyuma ya usukani umekatika. Maana yake ni kwamba mfuko wa hewa wa dereva unaweza usifunguke siku ya ajali. Usikubali taa izibwe au balbu itolewe.

Kuna na hili. Magari mengi ya miaka ya 2000, yakiwemo ya Toyota, Honda na Nissan, yaliwekwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo baadhi yake ilikutwa ikilipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi huongeza hatari hiyo, na sisi tuna vyote viwili. Watengenezaji waliyaita magari hayo yarudishwe kubadilishiwa, lakini gari lililouzwa nje ya Japani linaweza kuwa limepitwa. Chukua namba ya chesisi, uulize kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza kama gari lako limo.

MBELE YA FUNDI

Sema ulichoandika, usiseme kifaa unachodhani kimeharibika. Ukisema "nibadilishie reki", atakubadilishia reki. Ukisema "unagonga nikikata kushoto kwenye spidi ndogo", atalazimika kutafuta.

Omba akuonyeshe kinachocheza kabla hakijafunguliwa, na akupe kifaa cha zamani baada ya kazi. Muulize kama spea ni mpya au ni ya mtumba. Linki ya mtumba unaweza kuvumilia. Tairodi na boljointi za mtumba, hapana. Badilisheni kulia na kushoto pamoja kama vimechakaa sawa. Na mkimaliza, mjaribu gari pamoja kwenye barabara ileile yenye tatizo, kabla hela ya mwisho haijatoka.

LINI LISIMAME

Simamisha gari leo, watoto wapande usafiri mwingine kesho, kama: usukani umelegea kuliko sentimita 3, boljointi au tairodi inacheza, tairi imetoa waya, oili ya usukani inadondoka chini kwa kasi, au usukani unakwama kisha unaachia.

Lipeleke wiki hii kama: usukani mzito hauponi kwa upepo wa tairi, taa ya usukani au ya mfuko wa hewa imewaka, gari linavuta sana, au mtetemo umeanza ghafla.

Subiri huduma ijayo kama ni kok-kok ndogo ya linki iliyokwisha kukaguliwa na kuthibitishwa.

Na kama msaada wa usukani utapotea ghafla barabarani, au injini itazimika, usipige kelele wala kufunga breki ghafla. Gari bado linakatika kona, ila linataka nguvu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa za tahadhari, sogea pembeni taratibu. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho gari likiwa bado linatembea, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Mfundishe hivyo kila mtu anayeendesha gari lenu, akiwemo kijana aliyepata leseni juzi.

Wiki hii, kabla ya safari ya shule ya Jumatatu, tumieni dakika kumi na tano: upepo, oili, mlio wa tairi, kipimo cha vidole viwili. Kisha hakikisheni kila mtoto aliyeko nyuma amefunga mkanda. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumza kuhusu breki.